Country Comfort, The Nanny au Julie and the Phantoms: uanze na ipi?

Hadithi yenyewe unaijua kabla hujabonyeza kitufe. Nyumba imefiwa na mama, baba kajifungia kwenye shughuli zake, watoto wamewatimua walezi mmoja baada ya mwingine. Mlango unagongwa, anaingia mtu ambaye usingemwachia hata kifaranga, na siku si nyingi sebuleni kunaimbwa. Wamarekani wanaisimulia hadithi hii tangu filamu ya The Sound of Music ya mwaka 1965, wanaibadilisha nguo tu. Leo ukiitaka kwa sura ya vichekesho, tatu ndizo zinazogombaniwa zaidi na watu ninaotazama nao: Country Comfort ya Netflix (2021), The Nanny iliyorushwa na televisheni ya CBS (1993 hadi 1999), na Julie and the Phantoms, nayo ya Netflix (2020).

Nitoe msimamo wangu mapema ili usisome kwa kubahatisha. Kwa ufundi, Country Comfort ndiyo dhaifu kuliko zote tatu. Na bado ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi, kwa sababu wanaouliza huwa hawatazami peke yao. Wanatazama na mtoto wa miaka saba, kijana wa kumi na tano mwenye simu mkononi, na bibi aliyekuja kutembea.

Kwa ufupi, nani analea nani

Country Comfort inamhusu Bailey, mwimbaji wa country anayehangaika kutafuta jina Nashville, jiji la muziki huo. Mpenzi na bendi vimemponyoka kwa mpigo mmoja, gari limemzimikia kwenye mvua kubwa, na nyumba iliyo karibu ni ya Beau, mchunga ng'ombe mgane mwenye watoto watano. Bailey anaigizwa na Katharine McPhee, yule aliyeshika nafasi ya pili kwenye American Idol, shindano la uimbaji la televisheni ya Marekani, mwaka 2006. Beau ni Eddie Cibrian.

The Nanny ni ya Fran Fine, binti wa Flushing, mtaa wa Queens jijini New York. Amefukuzwa duka la magauni ya harusi na mchumba wake mwenyewe, sasa anauza vipodozi nyumba kwa nyumba. Anabisha hodi kwa Maxwell Sheffield, Mwingereza tajiri anayetayarisha michezo ya jukwaani Broadway, eneo la kumbi za maigizo jijini humo, mgane mwenye watoto watatu. Anayemwigiza Fran ni Fran Drescher, na ndiye aliyeibuni tamthilia hiyo pamoja na Peter Marc Jacobson, aliyekuwa mumewe wakati huo.

Julie and the Phantoms imekaa kando kidogo, na nimeiweka makusudi. Julie ni msichana wa sekondari Los Angeles aliyeacha kabisa muziki tangu mama yake alipofariki. Siku moja anaweka CD ya zamani katika studio ya mama yake, na vijana watatu wanaangukia humo: mizimu ya bendi iliyokufa mwaka 1995 baada ya kula soseji zilizoharibika. Hakuna yaya hapa. Baba yupo, shangazi yupo na mdomo wake, lakini anayemrudishia Julie uhai ni marehemu watatu ambao hata chai hawawezi kumpikia. Kama unatafuta mlezi asiyetarajiwa, sijaona aliyewazidi.

Mlango mmoja, nyumba mbili

Country Comfort na The Nanny zina undugu wa damu. Caryn Lucas, aliyeibuni Country Comfort, alikuwa miongoni mwa waandishi na watayarishaji wa The Nanny. Ndiyo maana episodi zao za kwanza zinafanana hadi kwenye kizingiti cha mlango: mwanamke aliyeachwa solemba anafika kwa shida zake, wenye nyumba wanadhani ndiye yaya waliyekuwa wakimsubiri, naye hawasahihishi.

Ziweke bega kwa bega uone tofauti ya mkono. Fran anafunguliwa na Niles, mhudumu wa nyumba. Anajikuta anachukuliwa kama mwombaji kazi, na papo hapo anaandika wasifu wake kwa rangi ya mdomo. Sheffield anapokabidhiwa karatasi ile, huhitaji kuelezwa chochote tena. Umeshajua huyu ni mtu wa namna gani, anatoka wapi, na kwa nini nyumba hii iliyokauka inamhitaji. Kitu kimoja kidogo kimefanya kazi ya kurasa tano.

Bailey anafika kaloa chapachapa, anaeleza shida zake, watoto wanatoka mmoja mmoja na kila mmoja anatupa utani wake, kisha vicheko vinasikika, kisha anafuata mwingine. Mambo yanaelezwa zaidi kuliko kuonyeshwa. McPhee ana uchangamfu wa kutosha kulibeba tukio hilo, lakini unamwona akilibeba. Drescher humwoni akibeba kitu. Anaingia tu na ile sauti ya puani, na nyumba nzima inageuka kumtazama.

Kwa hiyo ukishaitazama The Nanny kwanza, Country Comfort itakuonekea kama chai iliyorudiwa majani. Ukianza na Country Comfort, utaifurahia kwa kadiri yake, halafu The Nanny itakuwa kupanda daraja. Mpangilio huo ni muhimu kwa anayetaka kutazama zote mbili.

Muziki wenyewe

Hapa ndipo zinapoachana vibaya, na hapa ndipo wengi wanapochagua kwa makosa. Mtu anasikia "vichekesho vyenye muziki" anadhani ni kitu kimoja.

Anayetaka muziki kwelikweli aende kwa Julie bila kupepesa. Nyuma yake kuna Kenny Ortega, aliyeongoza filamu za High School Musical na aliyekuwa akiandaa pamoja na Michael Jackson maonyesho ya This Is It mwaka 2009. Hadithi yenyewe imetoka Brazil, kwenye tamthilia ya mwaka 2011 iitwayo Julie e os Fantasmas, lakini nyimbo zimetungwa upya, na waigizaji wanaimba wenyewe. Madison Reyes, anayemwigiza Julie, alikuwa mgeni kabisa kwenye skrini, na ukimsikia unaelewa kwa nini walimchukua.

Chukua episodi ya kwanza. Msichana ambaye hajagusa kinanda tangu msiba anakuta wimbo ambao mama yake alimwachia. Anakaa. Anaanza chinichini, sauti ikisita kama ya mtu anayeogopa kuamsha nyumba, halafu inapanda. Hakuna utani unaoingilia, hakuna kicheko, kamera inamwacha amalize. Tamthilia nyingi za watoto zingemkatiza mara tatu hapo. Baadaye anapopanda jukwaani shuleni, mizimu wanaungana naye, na ghafla watu wote ukumbini wanawaona. Wimbo ukikoma, wanatoweka. Julie anajitetea kwamba ni picha za kompyuta tu, wanafunzi wanaamini. Ni uongo mwepesi wa kuchekesha, lakini kanuni iliyo chini yake ni nzuri sana: marehemu wanaonekana pale tu wanapopiga muziki pamoja na aliye hai. Kila wimbo kwa hiyo una kazi katika hadithi. Ukiuruka, umepoteza kitu.

Country Comfort ina muziki wa aina nyingine. Watoto wa Beau wana vipaji, na kidogo kidogo Bailey anajikuta ana bendi mpya ndani ya nyumba ya mwajiri wake. Nyimbo huja kwenye matukio ya familia, mara nyingi mwishoni mwa episodi, kufunga jambo lililokuwa likisumbua. McPhee anaimba vizuri, hilo halina ubishi, na watoto wanamudu. Ila wimbo ukiutoa, hadithi inaendelea vilevile. Ni kiburudisho cha mwisho wa mlo.

Sasa nizungumze na wapenzi wa country wa Kenya, maana hao ni kabila zima lisilotajwa kwenye sensa. Nchi ile ina watu waliokua na Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton redioni, ina baa zenye usiku maalumu wa country, na ina mwimbaji wake Elvis Otieno, maarufu Sir Elvis, anayevaa kofia na kupiga gitaa kama mzaliwa wa Texas. Ukiwa mmoja wao, usiende Country Comfort ukitarajia ule muziki wa polepole wa machozi na gitaa la chuma. Hii ni country ya siku hizi, iliyosuguliwa, karibu na pop. Utapata kofia, buti, zizi la farasi na utani wa watu wa Kusini mwa Marekani. Sauti ya Jim Reeves hutaipata. Wako watakaokasirika, mimi naona bora uambiwe mapema.

The Nanny haina muziki kama shughuli, ina muziki kama mzaha. Sheffield ni mtayarishaji wa Broadway ambaye jeraha lake kubwa ni kumwachia mtunzi Andrew Lloyd Webber aondoke na mchezo wake wa Cats. Mtu aliyekataa mojawapo ya michezo ya muziki iliyodumu zaidi Broadway anaamka kila siku na kumbukumbu hiyo, na waandishi hawakuacha kuichokonoa kwa miaka sita. Wageni wa muziki wanapita: Elton John alijitokeza, na Ray Charles aliigiza mchumba wa Yetta, bibi yake Fran, katika episodi kadhaa. Kisha kuna wimbo wa ufunguzi uliotungwa na Ann Hampton Callaway, unaosimulia kisa kizima cha Fran kwa picha za katuni kabla episodi haijaanza. Mtoto aliyechelewa kufika sebuleni hahitaji kuulizia hadithi.

Kicheko

Hapa hakuna mashindano. The Nanny inashinda kwa mbali, na sababu si Fran peke yake. Ni Niles na C.C. Babcock, mshirika wa biashara wa Sheffield anayemtaka Sheffield kwa nguvu zote. Hawa wawili wanatukanana kwa adabu, msimu baada ya msimu, na kila tusi lina kona yake. Ukipenda mipasho ya taarab, ya kumrushia mtu neno bila kumtaja, utajisikia nyumbani. (Kichekesho cha pembeni: Niles, mhudumu mwenye Kiingereza cha kifalme, anaigizwa na Daniel Davis, Mmarekani wa Arkansas. Mwingereza halisi kati yao ni Charles Shaughnessy, anayeigiza bosi.)

Utani wa Country Comfort unausikia ukija toka mbali. Mtu anasema jambo, anasubiri, vicheko vinapita, mwenzake anajibu. Watoto wadogo wanaupenda mdundo huo kwa sababu wanajua wakati wa kucheka. Mtu mzima atatabasamu mara mbili tatu kwa episodi, kisha atachukua simu. Chloe, mdogo kabisa wa watoto wa Beau, ndiye anayeokoa matukio mengi, na tamthilia inalijua hilo, inamtumia mno.

Julie inachekesha bila vicheko vya nyuma. Vijana watatu waliokufa 1995 wanakutana na ulimwengu wa simu janja, na mmoja wao, Reggie, anaendelea kumzungumzisha baba yake Julie ambaye hamsikii wala hamwoni. Mzee anapanga picha zake, Reggie pembeni anatoa maoni kama mwana wa nyumba. Ni utani wa kimyakimya na una uchungu ndani yake. Atakayecheka hapo ni kijana na mzazi. Mtoto mdogo atasubiri wimbo.

Yaya ni mfanyakazi

Jambo hili wachambuzi wa Marekani hawaligusi sana, lakini kwetu haliwezi kupita. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala zina dada wa kazi, au zimewahi kuwa naye, au mwenye nyumba mwenyewe aliwahi kuwa dada wa kazi kwa watu. Ukitazama ukiwa umekaa naye kwenye kochi moja, au akiwa jikoni huku mlango uko wazi, maswali yanabadilika. Analala wapi? Analipwa lini? Akikosea anafukuzwa?

The Nanny inalijua swali hilo. Fran na bosi wake wanaitana Bwana Sheffield na Bi Fine kwa miaka, hata pale ambapo kila mtu nyumbani anajua wanapendana. Mwishoni mwa msimu wa tatu, ndege ikiyumba angani na wote wakidhani wanakufa, Sheffield anamwambia anampenda. Msimu wa nne unaanza kwa yeye kulirudisha neno lake. Hapo kicheko kinauma, kwa sababu Fran anabaki na kazi, chumba na aibu, katika nyumba ileile. Mama yake, Sylvia, anakuja kula na kuulizia harusi. Tabaka, dini na lafudhi vinagongana mezani kila siku: familia ya Kiyahudi ya Queens upande mmoja, jumba la Manhattan upande mwingine.

Bailey kwake uyaya ni kituo cha kupumzikia hadi muziki ulipe. Tamthilia haimlaumu, na mimi simlaumu. Nani asiyewahi kushika kazi kwa muda akisubiri nyingine? Lakini kwa kuwa Beau ni mwema toka mwanzo na Bailey anamwita kwa jina lake, ile ncha ya mwajiri na mwajiriwa inapotea. Kinachobaki ni swali la watoto: watamkubali? Cassidy, binti wa Beau anayemkumbuka mama kwa uchungu kuliko wenzake, ndiye anayelibeba swali hilo, na matukio yake na Bailey ndiyo bora kabisa ya tamthilia nzima. Wangempa Cassidy dakika zaidi na kupunguza za Summer, mpenzi wa Beau aliyeandikwa ili achekwe tu, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Na kwa kuwa tumegusa kazi: Fran Drescher, yaya wetu wa rangi ya mdomo, alichaguliwa mwaka 2021 kuwa rais wa SAG-AFTRA, chama cha wafanyakazi waigizaji Marekani, na mwaka 2023 akakiongoza katika mgomo wa siku 118. Moja ya madai yao ilikuwa malipo ya waigizaji kazi zao zinapotazamwa mtandaoni, yaani hapohapo unapotaka kuzitazama hizi tatu.

Nani aliyeleta muziki nyumbani?

Kuna jambo moja la kihistoria linalozipanga hizi tamthilia vizuri. Katika The Sound of Music, mlezi aitwaye Maria anaingia kwenye nyumba ya kimya na kuwafundisha watoto kuimba. Maria wa kweli, aliyefika kwa Georg von Trapp, baba wa watoto hao, huko Austria mwaka 1926, aliajiriwa kumfundisha mtoto mmoja tu aliyekuwa akipata nafuu kutokana na homa, na familia ile tayari ilikuwa ya muziki kabla yake. Walioana mwaka 1927. Filamu iligeuza, kwa sababu mwokozi anavutia zaidi kuliko mwalimu wa mtoto mgonjwa.

Sasa ona. Country Comfort na Julie zimerudi karibu na ukweli, huenda bila kukusudia: watoto wa Beau wana vipaji vyao kabla Bailey hajatia mguu, na Julie alirithi muziki kwa mama yake. Mgeni haleti kitu kipya, anafungua kabati. Hilo linazifanya zifae zaidi kwa nyumba yenye msiba wa karibuni, lakini kwa namna mbili tofauti. Julie inakaa na huzuni, inaiimba, haikwepi. Country Comfort inaigusa huzuni kwa kidole kimoja kisha inaleta mzaha. Kwa mtoto aliyefiwa juzi, ningechagua Country Comfort. Kwa kijana aliyefiwa mwaka jana na hataki kuzungumza, ningechagua Julie, na ningekaa naye. The Nanny humo haimo sana. Mama wa watoto wale anatajwa, lakini nyumba imeshaanza kupona kabla hatujafika.

Bando, urefu na pale zinapokatikia

Twende kwenye mambo ya mfuko. Country Comfort ina episodi 10, Julie 9, nyingi zikiwa za karibu nusu saa. Kila moja unaimaliza wikiendi moja. Kwenye simu, Netflix ina mpangilio wa kuokoa data ambao kwa maelezo yao hutazamisha takriban saa 6 kwa gigabaiti moja; maana yake tamthilia yoyote kati ya hizo mbili inaweza kuingia kwenye bando la GB 1 ukikubali picha isiyo kali sana. Kwa televisheni kubwa hesabu hiyo haipo, picha safi inakula mara nyingi zaidi. Penye Wi-Fi ya kazini au ya jirani mwema, pakua kabisa.

The Nanny ni bahari: misimu 6, episodi 146, kila moja kama dakika 22. Hizo ni zaidi ya saa 50. Haki zake za kuonyeshwa huhama kutoka jukwaa moja hadi jingine na hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo itafute kwa jina kwenye huduma unayolipia kabla hujajiunga na nyingine. Watu wa Ughaibuni wanaipata kirahisi kuliko sisi.

Sasa habari mbaya. Netflix iliamua kutoiendeleza Country Comfort Julai 2021, miezi michache tu baada ya kutoka Machi, na ikafanya vivyo hivyo kwa Julie Desemba mwaka huohuo. Hazina msimu wa pili. Kwa Country Comfort maumivu ni madogo, kwa kuwa episodi nyingi zinafunga jambo lake humohumo. Anayebaki na kiu ni yule aliyekuwa akifuatilia Bailey na Beau tu. Kwa Julie maumivu ni makubwa. Dakika za mwisho kabisa zinafungua mlango mpya, wa kutisha kidogo, na hakuna anayekuja kuufunga. Kama una binti wa miaka kumi na miwili anayeshikamana na wahusika, mwambie kabla ya kuanza. Au mfundishe kuizima wimbo wa mwisho unapoisha, kabla ya kile kipande cha nyongeza. Hapo hadithi inapumzika vizuri tu.

Mambo ambayo mzazi angependa kujua

The Nanny ina utani wa watu wazima, si matusi, lakini Fran anazungumza habari za wanaume, nguo fupi na umri wake kila baada ya dakika tano. Watoto wadogo mengi yatawapita juu ya kichwa. Wa miaka kumi na mitatu hayatawapita. Julie ina mizimu, ina mwovu mwenye kilabu cha usiku cha wafu, na mmoja wa vijana watatu, Alex, anampenda mvulana mwenzake. Tamthilia inalionyesha kwa utulivu bila kulifanya hoja. Country Comfort ndiyo ya kuwasha na kwenda jikoni kugeuza chapati bila wasiwasi.

Lugha nayo ina mchango. Lafudhi ya Kusini ya Country Comfort inatamkwa wazi na polepole, na anayejifunza Kiingereza ataifuata. Julie ni Kiingereza cha vijana, cha kawaida. Fran anakimbia, tena anachanganya maneno ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ya nyumbani kwao, kwa hiyo washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Utani wa Niles na C.C. ukikupita kwa kutosikia, umepoteza nusu ya thamani.

Basi, uanze na ipi

Nyumba iliyojaa, umri mchanganyiko, jioni moja au mbili: Country Comfort, na usiwe mkali nayo. Itazame ukizungumza.

Kijana anayepiga gitaa, anayeimba kwaya, au aliyeacha kuimba: Julie. Hata kwa kujua imekatika. Mimi ningeitazama Julie yenye episodi 9 kuliko tamthilia nyingi zenye misimu mitano.

Mtu mzima anayetaka kucheka baada ya kazi, wanandoa, au wewe na dada yako mnaotazama mkitumiana sauti za WhatsApp: The Nanny. Usianzie katikati kwa kuwa mtu kakutumia kipande cha kuchekesha; anza na ule mlango na ile rangi ya mdomo. Msimu wa kwanza unatafuta miguu, wa tatu hadi wa tano ndio moto wenyewe. Harusi inafika mwisho wa msimu wa tano, na hapo unaweza kuishia bila deni. Msimu wa sita, yaya akishakuwa mwenye nyumba, utani uliokuwa ukiendesha gari umeisha petroli. Uweke uucheze ukipiga pasi.